Madonge Saba ya Uji

Likoni, baada ya alasiri

Hamisi mwanangu,

Asubuhi ulinisalimu kwa kunibusu mkono, kama ulivyofunzwa tangu mdogo, kisha ukaingia jikoni. Ningejua utakachokwenda kufanya humo, ningeuficha mkono wangu mfukoni.

Sasa hivi umekwenda Mtongwe kumuaga nyanyako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu nyanyako hamwachi mtu aondoke kwake bila kula mara mbili. Mamako yuko uani. Mkeo Saumu yuko chumbani, anafunga mizigo kwa mkono mmoja. Mimi nimekaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari liko magotini, na mbele yangu kuna ukuta wenye uji. Umekauka na kupasukapasuka, na inzi wameshaujua. Nilimuuliza mamako ataufuta lini. Akanijibu, "Aliyeurusha ayajua maji yalipo," akaendelea na kazi yake.

Kesho mnapanda basi kwenda Naivasha, wewe ukaanze kazi yako ya upishi, zamu ya asubuhi. Habari za baridi ya huko, na sweta, na kutokopeshana na watu usiowajua, sitakuambia. Hayo mamako atakuambia mpaka masikio yaume. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeamua nife nalo. Leo asubuhi umenitoa kwenye uamuzi huo.

Acha kwanza nikueleze ulivyoonekana, kwa sababu mtu akipandwa na hasira hajioni.

Saumu aliamka kabla yako. Aliitwanga shayiri kwenye kinu kwa sababu alisikia wewe wapenda uji laini, akauchunga unga, akaukoroga na maziwa juu ya jiko. Ana miezi minne tu katika nyumba hii, bado anauliza chumvi imewekwa wapi. Ukaja na shati lako jipya jeupe la kazi, ulilolivaa ili tukuone. Ukachungulia sufuria, ukaguna. Ukalitungua chekeche pale ukutani, ukamimina uji, ukaligonga ukingoni mwa karai mpaka uji ukapita na madonge yakabaki. Kisha ukaanza kuyahesabu kwa sauti kubwa. Moja. Mbili. Tatu.

Saumu alicheka. Wewe ulidhani anakudharau. Kicheko kile mimi nakijua, nimekisikia jikoni humu humu, ni cha mtu anayeomba jambo liishie kwenye mzaha. Ulipofika tano, ulikunja mkono wa shati lako. Ukaukunja vizuri, mara mbili, usichafuke. Ndipo ukaushika mkono wa mkeo ukaulaza juu ya meza, ukampiga kwa mwiko juu ya vifundo vya vidole, mara tano, ukihesabu upya. Alipouvuta mkono, ukalirusha ukutani bakuli la uji lililokuwa mezani, na kigae kikampita sikioni.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni na kikombe changu cha kahawa. Wakumbuka nilichosema? Nilisema, "Hamisi, punguza sauti, majirani wasikia." Mtoto wa watu amevimba mkono, na mimi nikawaza majirani.

Lile chekeche wewe walijua kwa hadithi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinililia nikuhadithie nilivyokuwa mpishi wa uji katika ile hoteli ya Shelly Beach, ambayo sasa imefungwa na popo wamehamia. Nilikuambia kwamba mpishi mkuu alikuwa akichota uji wangu na kuupitisha kwenye chekeche mbele ya wapishi wote, na kwamba baada ya mwaka mmoja halikubaki donge hata moja. Nilikuambia kwamba walipoletewa chekeche jipya nililibeba lile la zamani nikaja kulitundika nyumbani. Ulikuwa ukilitazama kama wengine watazamavyo cheti cha shule. Ukasema ukiwa mkubwa nawe utapika uji upite wote.

Nilikuhadithia chekeche, sikukuhadithia upawa.

Mpishi mkuu yule, mbele yake tulimwita Bwana Mkubwa, na nyuma yake tulivyomwita sitaandika kwenye barua hii. Alikuwa na upawa wa chuma ambao hakuuweka mezani, aliuacha ndani ya sufuria inayochemka. Alikuwa akisema donge moja, upawa mmoja. Akichota uji wangu na kubaki madonge matatu, basi nilipigwa mara tatu, begani au kwenye kiwiko, na uji wa moto ukinitiririka mgongoni ndani ya koti jeupe. Siku moja hakupiga, aliubandika tu ndani ya mkono wangu na kuukandamiza, huku akimuuliza mwenzangu kama mayai yamekwisha. Ile alama ya mwezi mchanga mkononi mwangu, niliyokuambia ni ya tanuri, ni ukingo wa upawa ule. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka zamu yao ilipofika, kwa kuwa aliyecheka alikuwa hakupigwa siku hiyo.

Nilikuwa na nguvu za kubeba gunia zima la viazi peke yangu. Ningeweza kumvunja shingo yule mtu na kurudi kukoroga uji wangu. Sikumrudishia hata mara moja. Nilikuwa na mke nyumbani.

Lisome tena hilo neno, Hamisi, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Nilikuwa nikitoka Shelly na ndiyo bwana, ndiyo bwana mdomoni, na kila hatua ya kuja nyumbani nikimtafuta mtu wa kumtoza. Nikifika, nililitungua chekeche. Mamako alikuwa akipika uji wa shayiri niliyokuwa nikiibeba hotelini mwisho wa mwezi, nami nikiupitisha. Kila donge kofi moja. Nilijiambia namfunza kazi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na meno yake mawili ya pembeni, yale anayosema yalioza, hayakuoza.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa na miaka mitatu. Siku hiyo nilikuwa sina zamu, na siku moja kabla nilikuwa nimepigwa mara nne. Mamako alikuwa amechutama mbele ya seredani ya makaa, wewe umekaa nyuma yake juu ya mbuzi hii hii niliyoikalia, unagonga kifuu sakafuni. Nilichota uji nikaupitisha. Yalibaki madonge saba. Nilimpiga kofi la kwanza, akaanguka kando. Alisema, "Baba Hamisi, mtoto yuwatazama." Alisema pole pole, kwa sauti ya kumbembeleza mtu. Nami nikahisi kwamba na yeye sasa ananipa amri, kwamba hata ndani ya nyumba yangu mwenyewe kuna Bwana Mkubwa.

Niliikamata sufuria ya uji iliyokuwa motoni. Nilikuwa siku zote nikijiambia kwamba nilipagawa, kwamba sikujua nifanyalo. Si kweli. Kabla ya kuikamata nilitafuta tambara. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari, nikalitoa, nikalikunja, nikaishika sufuria kwa masikio yake nisiungue. Mtu aliyepagawa hatafuti tambara. Leo nilipokuona ukikunja mkono wa shati, nilimwaga kahawa miguuni.

Nilimrushia yeye ule uji. Akainama. Uji wote ukakupata wewe.

Uji si maji, mwanangu. Wewe ni mpishi, wajua. Maji ya moto yakimwagika hukuunguza yakapita. Uji hukaa. Ulikukaa shingoni na begani na juu ya titi la kushoto, na kila ulipopiga kelele uji ukizidi kukuunguza, nami nimesimama na sufuria tupu mkononi. Mamako hakunitazama. Alikurukia akaanza kuukomba ule uji mwilini mwako kwa viganja vyake vitupu, akiutupa sakafuni, akiukomba tena, na ngozi yako ikitoka na uji, na ya viganja vyake pia. Hakulia. Alikuwa akisema tu, "Nipo, nipo, nipo." Nakumbuka harufu ya iliki.

Ulipokuwa mkubwa ulikuwa ukiwatambia wenzako kwamba mamako yuwainua sufuria jikoni bila tambara, mikono yake haisikii moto. Ulidhani ni ufundi. Ukasema huyo ndiye mpishi wa kweli. Mikono yake haisikii moto kwa sababu haisikii kitu. Alipokuwa akikuogesha ilibidi ajaribu maji kwa kiwiko.

Hospitali daktari aliuliza imekuwaje. Nilifungua mdomo, na Mungu ashuhudie sijui hata leo ningesema nini, maana mamako aliniwahi. "Amejivutia sufuria," alisema. Daktari akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu mjombako Salimu alikuja na panga la kufyekea, kutoka shambani moja kwa moja, na majani bado yameganda kwenye chuma. Alikuwa hakuamini habari ya kujivutia sufuria. Alisimama uani akaniita kwa jina la babangu ili nitoke. Mamako alijikokota akasimama mlangoni, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka vifundoni.

"Ondoka mlangoni, Mwanatumu," Salimu alisema. "Ntamkata mie, kisha wende ukanishtaki."

"Kwa kosa gani? Mtoto kajivutia mwenyewe."

"Niapie."

"Wallahi kajivutia mwenyewe."

"Niapie tena, unitazame machoni."

"Wallahi."

Salimu alilia, mtu mzima yule, akalipiga panga kwenye mwimo wa mlango kwa nguvu zake zote likanasa, akaliacha humo akaenda zake. Ule mkato ndio uliokuwa ukipimia urefu wako kila Idi, ukisema mwaka ujao nitaufikia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani wakati wote. Nilisikia kila neno, na nilichohisi, kama wataka ukweli, kilikuwa faraja.

Sisi watu wa hapa twaliita jambo kama hilo stara. Mke mwema husitiri nyumba, na nyumba iliyositirika haina habari kwa jirani. Nami nilijificha ndani ya stara ya mamako kama mtu aliyejifunika shuka ya mwenzake. Yeye alibaki na kiapo cha uongo. Zile siku tatu anazofunga kila mwaka, ambazo wewe wadhani ni sunna, ni kafara ya kiapo kile. Sheria inamtaka azifunge mara moja tu. Yeye huzirudia kila mwaka, kwa sababu moyo wake haukutulia.

Na wewe ulibaki na utundu. Kila mgeni aliyeliona kovu lako aliambiwa muulizeni mwenyewe, na wewe ulisimulia ulivyokuwa mtundu ukaivuta sufuria ya uji, ukiigiza na mikono, watu wakacheka. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilikuacha ubebe kosa langu mwilini na ulihadithie kwa mdomo wako. Niwie radhi kwa hilo kabla ya yote mengine, maana ulikuwa mtoto mtulivu, Hamisi. Hukuwa mtundu hata kidogo.

Ningependa kukuambia kwamba siku ile niliacha. Sikuacha. Nilitulia miezi minane hivi, kisha mkono ukarudi, kwanza kwa sababu ya chumvi, baadaye kwa sababu ya kitu ambacho sikikumbuki. Wakati huo wewe ulikuwa umeshaanza kwenda chuoni kwa maalim. Nilikuwa nikingoja utoke na msahafu wako, ndipo nianze. Nilidhani huko nako ni kuwa na adabu.

Aliyenisimamisha ni mamako, na hakuinua sauti. Siku moja nilirudi nikakuta meza imepangwa. Kuna bakuli la uji. Pembeni chekeche. Pembeni ya chekeche upawa wa kifuu, umelazwa kama uma unavyopangiwa mgeni hotelini. Akanipa mgongo, akaketi sakafuni, akashusha leso mabegani. Akasema, "Hesabu, upige, umalize. Nina nguo za kufua."

 Mgongo wake ulikuwa na alama za rangi tatu, nyekundu, na zambarau, na zile za manjano za wiki iliyopita. Nilikuwa sijapata kuuona kwa mwanga. Nikahisi mate ya Bwana Mkubwa yamejaa kinywani mwangu. Nikatoka nje nikatapika kwenye mfereji, na tangu siku hiyo sikumgusa tena kwa ubaya. Usinisifu. Mtu hasifiwi kwa kuacha alichokuwa hana ruhusa ya kukianza. Na sikumwomba radhi. Niliona kuacha kunatosha. Nikalirudisha chekeche ukutani, kwa sababu wewe ulikuwa ukilipenda, na mimi nilipenda unavyonitazama nikikuhadithia.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko sufuria, naona sasa. Uji niliurusha mara moja. Hadithi niliirudia miaka na miaka, mpaka ikakuingia.

Sasa nikuambie kuhusu uji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi wanayokupa huko, na hapa nayajua nisemayo.

Shayiri usiitwange. Yanunuliwa imeshabondwa bapa, basi iache ilivyo. Iloweke kwenye maji baridi na chumvi kidogo, ivimbe yenyewe, nawe ufanye mambo mengine. Kisha moto mdogo. Mdogo kweli, mpaka uone haya kuuita moto. Koroga bila haraka mpaka mwiko uanze kuacha njia nyuma yake, ndipo utie maziwa, au tui jepesi ukipata nazi huko bara, na iliki mbili umeziponda, na tende umezikata vipande. Karanga tia mwisho zisilainike. Mtu akila uji huo alfajiri hatamwambia mtu kitu kuhusu njaa mpaka adhuhuri.

Donge latoka wapi? Latoka kwenye moto. Unga ukikutana na maji yanayotokota, hujifunga kabla haujanywa. Kule Shelly moto ule hakuuwasha mpika uji, aliuwasha Bwana Mkubwa, kwa sababu alitaka sufuria nne kwa nusu saa na wageni walikuwa wameshaketi. Ilinichukua miaka kumi kulifahamu hilo. Nilikuwa nikipigwa kwa moto wa mtu mwengine, na kisha nikaja kumpiga mtu wa tatu. Asubuhi ya leo Saumu aliweka uji juu ya jiko lililojaa makaa, kwa sababu wewe ulikuwa umeshapiga kelele mara mbili kuwa wachelewa kwenda Mtongwe.

Naona nimeanza kukufunza, na niliapa sitakufunza. Basi nikuambie nilichofanya leo, tangu ulipotoka.

Kwanza, usilitafute chekeche kwenye begi lako. Nililiona umelifunga ndani ya shati. Nililitoa nikaliweka ndani ya kinu, nikalitwanga kwa mchi mpaka waya zikajitenga na fremu ikapinda. Lilipiga kelele sana. Majirani wamesikia, na mmoja ameuliza kuna nini, nami nikamwambia.

Pili, nimempigia simu babake Saumu, huko Mikindani. Nilimwambia, "Mwanangu amempiga mwanao leo asubuhi, kwa mwiko, kwa sababu ya uji, na mimi nilikuwepo na nikanyamaza." Sikusema ameteleza, wala sikusema mlango umembana.  Babake akauliza, "Nije nimchukue?" Nikamwambia wa kuulizwa ni Saumu mwenyewe. Nilimwita. Aliitika abee, akaja ameuficha mkono ndani ya leso, kama kwamba ni yeye aliyekosa. Aliongea na babake nje, sikumsikiliza. Aliporudi alisema, "Baba, mie jibu langu ntalitoa kesho." Nikamwambia nyumba hii ina chumba chake, akibaki au akienda akarudi, na nauli ya kurudi nikampa mkononi, si kupitia kwako.

Tatu, nilikwenda uani kwa mamako. Alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini, na magoti yangu haya wayajua. Nikasema, "Mwanatumu, niwie radhi."

Hakuinua uso. "Kwa lipi?"

Nilidhani atajua. Alikuwa anajua. Alitaka niyataje. Basi nikayataja, moja moja, hata yale niliyokuwa nikidhani nimeyasahau, na kila nikinyamaza aliniuliza, "Na jengine?" mpaka sinia la mchele likawa safi na yeye bado anauchambua. Nilipofika kwenye ile sufuria, nilimwambia nakumbuka mpaka hesabu ya madonge, yalikuwa saba.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Yale nilikuwa nikiyaacha makusudi," alisema. "Hamisi alikuwa akiyapenda. Alikuwa akiyatafuta kwenye bakuli kwa kidole, akiyatafuna kwanza, kisha ndo anywe uji. Kila siku nlikuwa namwachia machache. Siku ile nlimwachia mengi kidogo, maana alikuwa na homa kidogo na hataki kula."

Miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuniambia. Sikuwahi kumuuliza. Nilikaa pale chini nikalia mpaka kuku wakanikimbia. Alinyanyuka na sinia lake akanipita. Alipofika mlangoni, kwenye ule mkato wa panga, akasema, "Nimekusikia, Baba Hamisi." Hakusema amenisamehe. Nimeridhika na nilichopewa.

Nikimaliza ukurasa huu nitawaita mamako na Saumu niwasomee barua hii yote, kisha nitaiweka juu ya begi lako. Hutakuwa mtu wa kwanza kuijua. Stara ile nimeitoa mlangoni, na kama utaniona nimekuaibisha, basi niliye na aibu kubwa zaidi ni mimi na bado ninakula na kulala. Utaweza na wewe. Najua pia unaweza kunichukia. Una haki, na kovu lako linakupa haki hiyo. Ila ukinichukia, nichukie mimi, mtu mwenye jina na uso, usiende ukanitafuta kwenye mikono ya Saumu kama mimi nilivyomtafuta Bwana Mkubwa kwenye mgongo wa mamako.

Nakupenda, Hamisi. Nilikupenda hata nikiwa nimesimama na sufuria tupu, na mapenzi yale hayakukusaidia kitu.

Kesho ukirudi msikitini usiingie jikoni kupika. Nitakuwemo mimi. Ukuta utakuwa bado na uji, ndoo na kitambaa viko nyuma ya mlango, utajua la kufanya. Kisha uketi mezani, na mkeo, na mamako, na mimi. Nitakuletea bakuli lako. Utakuwa na madonge saba, nitayahesabu mwenyewe. Uyatafune yote, moja moja, kama ulivyokuwa ukifanya zamani kabla sijakuharibia. Ukimaliza la saba, muulize Saumu kama anakwenda nawe Naivasha. Na jibu lolote atakalolitoa, mikono yako ibaki juu ya meza.

Ni mimi babako, niliyekuunguza.